Mlinzi wa Ghala Analima Figiri

Miaka kumi na tisa nililinda ghala la mahindi Kibaigwa.
Kazi yangu ilikuwa nyuso.
Huyu mwizi, huyu mteja, yule shemeji wa bosi, mpishe.
Sikuuliza mtu. Nilitazama viatu
na namna anavyomeza mate.

Nikastaafu na tochi moja na kiuno kibovu,
nikarudi Hombolo, chini ya bwawa,
matuta saba: figiri, mchicha, nyanya, na bamia za Yerita.
Nikajisemea, hili nalo ni ghala,
limekosa bati tu.

Nikaanza lindo.
Bundi wa kwenye mgunga nilimtimua kwa manati;
nani alale na sauti ile juu ya paa?
Mwezi haukuisha, panya wakafukua mbegu za bamia
mstari mzima, shimo kwa shimo, kama wanahesabu.

Vunjajungu sikumgusa. Namwogopa marehemu mama:
ukimwua, alisema, utakosa chungu cha kupikia mlenda.
Akabaki juu ya jani, mikono kifuani,
anasali au anavizia,
kwake yeye ni ibada moja.

Jioni alikuja kipepeo mdogo wa kijivu,
akatua kwenye nyanya kama vumbi la unga.
Ana adabu, nikasema. Nikampisha.
Wiki ya tatu majani yakajaa michirizi myeupe,
mwandiko wa mtoto anayejifunza herufi,
na nyanya zimetobolewa kama kwa sindano.
Nehemia Chilongani akacheka kwenye uzio:
"Huyo ndiye kantangaze, mzee.
Amekuja kimya. Wa kumtangaza ni wewe."

Basi kwenye figiri nikajitia ukali.
Vidukari walikuwa wameganda chini ya majani,
na katikati yao vilitembea vidudu vyeusi,
miiba mgongoni, alama za rangi ya chungwa,
sura ya mamba aliyezaliwa njiti.
Nikaviponda kwa kidole gumba, kimoja kimoja,
nikihesabu kwa sauti.
Arobaini na moja.
Siku hiyo nilioga nikiimba.

Foibe, mjukuu wangu, darasa la tatu,
alikuwa amekificha kimoja
kwenye chupa ya dawa ya kikohozi,
na jani la figiri lenye vidukari.
Kikala kama kibarua siku ya malipo.
Kisha kikajishikiza ukutani, kikajikunja, kikatulia.
Tupa, nikamwambia, kimekufa.
Hakutupa.
Siku nyingine, alfajiri, akaniletea kitandani:
ndani ya chupa anatembea yule mviringo mwekundu
mwenye madoa meusi,
yule niliyekuwa nampisha kila asubuhi
kwa sababu amevaa vizuri.

"Babu, ni yuleyule."

Nilikaa na chupa mkononi mpaka chai ikapoa.
Nikamkumbuka kijana wa Pandambili,
kaptula ya viraka, mwaka wa njaa,
niliyempiga rungu la goti
kwa debe moja lililopungua.
Alikuwa anafagia punje zilizomwagika,
anazirudisha guniani.
Debe lilikuwa kwa karani wa mizani,
shati jeupe, kalamu mbili mfukoni,
shikamoo yake haikukosa hata siku moja.
Kikulacho ki nguoni mwako, tunaambiwa.
Hakuna aliyeniambia nguo yenyewe imepigwa pasi.

Siku hizi naingia bustanini mikono nyuma.
Nachuchumaa kwanza.
Wewe, unakula nini?
Swali dogo hivyo, na Kibaigwa sikuwahi kuliuliza.
Nyigu nampa njia.
Chura wa kwenye beseni bovu namwongezea maji.

Bundi hajarudi.
Usiku nazima tochi, nakaa kizingitini.
Panya wanatafuna.
Nautegea mgunga sikio,
nangojea sauti ile mbaya.