Kifungu cha Tisa

Mimi ndiye ninayeandika (Makofi).
Wakicheka, naandika (Kicheko).
Wakinyamaza sina alama,
na mara nyingi ukimya ndio hoja yenyewe.

Muswada wa zabibu ulikuja Januari
kwenye karatasi nyepesi ya Gazeti.
Katibu Mezani akalisoma jina lake refu kwa pumzi moja,
akaketi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza:
mtoto hutajwa jina tu, haulizwi tabia.

Kisha Kamati. Chumba cha baridi ya kutengenezwa,
nje jua la Dodoma likikaanga changarawe.
Wadau wakaitwa. Wadau! Neno hilo nalo huvaa suti.
Miongoni mwao alikuwa Ndahani Mlewa wa Mpunguzi,
ekari mbili na nusu, viatu vya vumbi,
mkononi stakabadhi ya mizani ya msimu wa juzi
iliyokunjwa hata mikunjo ikatoboka.
Akaombwa ataje kifungu.
"Cha tisa. Kinasema mnunuzi 'anaweza kumlipa'
mkulima ndani ya siku thelathini.
Mheshimiwa Mwenyekiti, kuweza anaweza tangu zamani.
Hata mimi naweza kuruka mpaka Kilimatinde.
Sisi twauliza kama atalipa."

(Kicheko.) Nikachapa.
Yeye hakucheka,
nikakosa pa kuliweka hilo.

Mara ya pili Waziri alisimama kutoa hoja,
na siku nzima ikaliwa.
Mmoja alisifu zabibu, akahamia barabara ya kwao,
akaomba visima viwili na gari la wagonjwa,
kengele ikamlilia, akaunga mkono asilimia mia.
Mwingine akaonya: mkimbana mnunuzi
atajaza mapipa kwa unga wa ng'ambo.
Nilivichapa vyote. Vidole vyangu havina chama.

Jioni siwa ikashushwa ngazi ya chini,
Spika akashuka nayo, akawa Mwenyekiti,
Bunge likawa Kamati ya Bunge Zima:
viti vilevile, sura zilezile,
ila sasa wanachambua kama mtu na mlenda,
jani kwa jani.
Kifungu cha kwanza, cha pili, cha tatu,
vilitoka kama mbuzi alfajiri, vikisukumana.
Cha tisa kikakwama mlangoni.

Mheshimiwa Yaledi Chibago alikuwa na jedwali:
kwa kufuta maneno "anaweza kumlipa"
na badala yake kuweka neno "atamlipa".
Waziri akainamiwa sikioni na mwandishi wa sheria,
akatafuta miwani iliyokuwa usoni pake,
akasema Serikali haina pingamizi,
isipokuwa thelathini isomeke sitini.

Wanaoafiki waseme ndiyo.
Ndiyo ilitoka nene, yenye njaa ya chakula cha usiku.
Wasioafiki waseme siyo.
Siyo ilitoka mahali fulani nyuma, nyembamba, peke yake.
Mashine yangu haipimi uzito wa sauti:
(Hoja iliamuliwa na kuafikiwa.)

Mara ya tatu haikuzidi muda wa kupiga chafya.
Muswada ukaenda Chamwino kutafuta saini,
ukarudi na lakiri, umeacha jina la utoto.

Agosti nilikwenda Mpunguzi kununua zabibu.
Ndahani alikuwa kando ya barabara, ndoo tatu.
"Imepita?"
Imepita. Atamlipa.
"Siku ngapi?"
Sitini.
Akaguna, akafuta mizani kwa kiganja.
"Inaanza lini?"
Nikamsomea kifungu cha kwanza, kile
kilichopita bila mtu kukohoa:
itaanza kutumika tarehe ambayo Waziri
ataitangaza katika Gazeti.

"Ataitangaza," alisema polepole,
kama anayeonja tunda la mti asioujua.
"Angalau hawakuandika anaweza."

Akanipimia kilo, akaongeza kishada juu.
Nilitaka kusema jambo.
Nyuki walikuwa wameshafika kwenye ndoo.