Barafu ya Harusi

Mapande kumi na mawili, kila moja uzito wa mbuzi,
nimeyafunika magunia na pumba za mpunga.
Nusu nimelipwa. Nusu nitapewa
sherbati ya Bwana Lachman ikishapoa.
Binti yake anaolewa leo, hapa Jacobabad, katikati ya Juni,
na mpimaji wa kiwandani ameniasa:
Bachal, usisimame njiani,
barafu haina subira.

Nilisimama.

Uwanja wa shule, saa tisa na nusu.
Vijana wa mpira wa magongo wanakimbia mstari hadi mstari,
vumbi halina hata nguvu ya kutimka.
Kocha Dilawar ana filimbi na mwavuli.
“Fainali Jumamosi,” anasema, “jua haliahirishwi.”
Ndoo ya maji ipo, kule kwenye goli,
lakini kuiendea ni kukiri,
na nani atakiri, ana miaka kumi na minne,
wenzake wanamtazama?

Nikamwona mmoja, fulana namba sita,
anakimbilia upande usio na mpira.
Wenzake wakacheka.
Ningecheka nami
kama sikuwahi kuwa na ndugu aliyekimbia vile.
Akamwita mlinda mlango kwa jina la mama yake.
Akauliza treni imefika lini.
Kisha akakaa chini polepole,
kama mtu aliyekumbuka kitu.

Nikamgusa shingo:
sufuria iliyosahauliwa mekoni.

“Riksha!” kocha akapaza sauti. “Hospitali!”

Hospitali ni dakika arobaini,
na kivuko cha reli kikifungwa, ni saa nzima.
Naijua safari hiyo. Niliisafiri na Hubdar mapajani,
madirisha wazi, upepo wa tanuri ukituingia,
na muuguzi wa mlangoni hakunigombeza.
Alisema tu, kama mtu aliyechoka kulisema:
Mpoze kwanza. Mlete baadaye.
Miaka tisa neno hilo limekaa ndani yangu
bila kazi ya kufanya.

Basi nikamgeuza punda.
Nyuma ya ukuta pana birika la matofali,
nyati hunywa humo.
Nikaipasua harusi ya Bwana Lachman
kwa gongo la namba sita mwenyewe,
pande baada ya pande,
na wale waliokuwa wakicheka wakamzamisha mpaka shingoni,
wawili wakamshika kichwa,
wengine wakakoroga maji kwa mikono yote,
koroga, nawaambia, yasizoee mwili wake, koroga,
na sikuona ni saa ngapi mwavuli ulihama
ukasimama juu ya uso wa mtoto.

Pande la tatu, hakuna kitu.
La tano, macho.
La saba akatetemeka, akamtukana aliyemshika sikio,
tusi zito, tusi la sokoni,
nikaliitikia amina.
“Jina lako?”
“Sarang. Kwani hunijui?”

Sasa riksha, nikasema. Sasa.

Harusini nilifika na mapande mawili na kitu kama kiatu.
Bwana Lachman akachungulia garini,
akanitazama nilivyolowa mpaka kifuani.
Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho,
kisha wageni wake wakanywa sherbati ya vuguvugu
na ile nusu hakunilipa.
Sina neno naye. Binti huolewa mara moja.

Siku hizi wanafanya mazoezi baada ya sala ya alfajiri,
na jua likipanda ukuta, filimbi inalala.
Ndoo iko katikati ya uwanja; kocha hunywa wa kwanza,
kwa makusudi, kwa kelele.
Kando ya goli kuna beseni kuukuu la kuogea,
na kila asubuhi nashusha humo pande moja.
Dilawar hulipa. Hatuzungumzi sana.

Nikirudi adhuhuri nalikuta limeyeyuka,
maji matupu, kunguru ukingoni,
hakuna aliyeguswa nalo.
Nimeuza barafu tangu utotoni.
Hakuna niliyoiuza ikanipendeza
kama hii inayopotea bure.