Alama ya Gumba

Umeme umerudi saa tatu. Umoja, ghorofa ya nne.
Nimetandaza gazeti la jana mezani, nimezima feni:
feni hurudisha kila ulichofukuza.

Kwanza naiinamisha kamera, uso chini,
nabinya pampu ya mpira: fyu, fyu, fyu.
Si mdomo. Mdomo una mate, na mate yana chai.
Vumbi la Lang'ata ni jekundu, lina punje kali,
ukilifuta kavu litachora,
na mchoro wa kioo hausikii samahani.

Nyakundi, aliyenifunza kazi pale Luthuli,
alifuta kwa ncha ya shati.
Shati ni safi, aliapa.
Picha zake zote za mwaka ule
jua lina masharubu.

Halafu brashi, kama unampaka mtoto poda.
Halafu nafungua filta. Imekwama.
Naivisha mpira wa kufungia noti, nazungusha, inalegea.
Matone mawili, kwenye kitambaa, si kwenye kioo,
maana maji hutafuta ukingo
na ukingo una nyufa zake.

Hapo ndipo naliona, chini ya taa:
gumba zima, mistari yote, mafuta ya mkono.

Yule mjane.
Majembe yalikuwa bado yanafukia.
Shemeji zake walinilipa nimpige akilia.
Akanijia moja kwa moja, asikimbie, asipige kelele,
akaweka gumba juu ya jicho la kamera:
"Mwanangu, umenipiga vya kutosha."

Nilishusha kamera.
Pesa sikurudisha.

Kitambaa kinaanzia katikati, kinazunguka,
duara juu ya duara, kuelekea nje, bila kukandamiza.
Mara ya kwanza gumba halitoki, linatanuka tu,
linakuwa wingu la rangi, kama petroli kwenye dimbwi.
Nageuza upande mkavu. Narudia.
Mkono una haraka, naukanya.

Sasa kioo ni kama hakipo.
Nakiinua kwenye taa, nakilaza, nakiinua tena:
hakuna uzi, hakuna tone,
hakuna mtu.

Kesho kuna harusi Karen, saa nne kamili.
Narudisha filta, naisikia ikishika nyuzi zake, krr,
naiachia kabla haijakaza sana.

Zile kumi na nne nilizompiga kabla ya gumba
bado zimo kwenye kadi.
Shemeji zake wamepiga simu mara mbili.