Mafuta ya Cherehani

Kesho saa mbili naipeleka kituoni, Moshi mjini,
maana mwenye leseni amelala nyuma ya nyumba, penye migomba,
na bunduki haikai na wafiwa bila karatasi.
Usiku huu bado ni yetu.

Nimeivua kanga ya Mama,
ile yenye jina CHANGU KIDOGO CHANITOSHA.
Kanga wa Kahe wangapi walilala kwa bunduki hii,
nayo ikarudi kulala ndani ya kanga.

Ishirini na mbili. Nyembamba, mtoto angeidhani fimbo.
Baba mdogo Evodi, aliyebebea wageni mizigo kule Arusha
na kuziona zile zenye risasi nene kama kidole cha mchinjaji,
aliicheka hata matangani: "Hiyo ni ya panya."
Marehemu hakuwahi kumjibu.
Alimwita tu, asubuhi moja, aje amtazame nungu
kando ya viazi vikuu: tundu moja, chini ya sikio,
na mihimili yote imelala kama nywele zilizochanwa.

Babu aliinunua kwa Mgiriki aliyekuwa akifunga shamba,
kwa magunia matatu ya kahawa, mwaka bei ilipokuwa bei.
Kitako ni mti wa ng'ambo, jina silijui.
Kimekunywa shavu la Babu, kikanywa shavu la Baba,
mpaka kimeiva.
Kovu hili ni la mfongo wa Uru, usiku wa masika:
aliteleza, akainua mkono juu ili isilowe,
ikajigonga jiweni hivyo hivyo.
Goti lake nalo halikupona.

Shika komeo.
Inua, vuta, sukuma, laza.
Mara nne mkono unafanya kazi,
na mara zote nne unaweza kughairi.
"Bunduki nyingine hazikuulizi," alikuwa akisema,
kisha anakohoa, kana kwamba amesema mengi.

Alishuka Kahe na risasi tano katika kopo la dawa ya kifua.
Akirudi, Mama hakutazama begi.
Alilitikisa kopo sikioni.
Zikisikika nne, alibandika maji.
Zikisikika mbili, hakuna aliyemsemesha mtu mpaka kesho yake.

Kichupa cha mafuta kilikuwa kimoja,
cha cherehani, na ugomvi wa nyumba hii ulikuwa huo.
"Umemaliza tena!" "Tone tu, mke wangu."
Matone ya miaka arobaini.

Nimechungulia mtutu nikiuelekeza kwenye taa:
mistari inajisokota, safi,
kama maji yanayotafuta tundu la kutokea.

Kikao cha ukoo kiliuliza mtoto wa kiume.
Kaka Protasi, kutoka Mwanza, akajibu kwa simu
kwamba yeye hata fataki za harusi zinamkimbiza.
Basi fomu nimejaza mimi:
Restituta Fulgensi Kimario, mshonaji.
Penye SABABU YA KUMILIKI nimekaa muda mrefu.
Nimeandika: Nungu.

Huko ghalani wataifunga kikaratasi shingoni,
waisimamishe kati ya magobole yenye kutu,
miezi sita, labda mwaka, labda wakatae.
Askari atakayefungua komeo atanusa,
na hataelewa kwa nini silaha inanuka kama fundi wa nguo.

Imetosha. Nimeifunga.
Tone lililobaki kidoleni
nimelipaka kwenye gurudumu la cherehani.