Tone Chini ya Injini

Nililinunua mnadani Mpwapwa, halina betri,
halina kioo cha kushoto,
na kuku mmoja ameatamia kiti cha nyuma.
Dalali akaniambia, "Mwalimu, hilo unalonunua ni banda."
Nikalipa. Kuku nikamwachia yeye.

Trekta ikalivuta mpaka uani kwangu, Hombolo,
vumbi jekundu likaingia kila palipokosa mpira.
Miaka thelathini na moja nimeandika ubaoni
egemeo, jitihada, mzigo;
sasa nati moja ya springi, imeoana na kutu,
ndiyo inanifundisha nyenzo.
Nimerefusha spana kwa bomba la maji,
nikakalia ncha kwa uzito wangu wote wa kustaafu.
Ikalia kama mbuzi. Ikaachia.

Masima fundi hupita na baiskeli jioni,
hashuki.
"Limekubali?"
Ndivyo wanavyouliza hapa, kama habari ya posa.
"Bado linafikiria," namjibu.

Nilipopiga msasa mlangoni
rangi ya maziwa ikatoka, chini yake bluu,
chini ya bluu herufi: IDARA YA MIF,
zilizobaki zimeliwa.

Ndipo nikaanza kumjua mtu.
Dereva, labda utingo, jina lake sijui.
Waya anaufunga mizunguko saba, kila mahali saba,
na ncha anaikunja ndani
isije ikachoma mkono wa atakayefuata.
Gasketi ilipokwisha, alikata ngozi ya ng'ombe,
manyoya yangali yapo.
Bushi ilipolika, alitia soli ya kandambili.
Nilizitoa moja moja, nikazipanga juu ya gunia.
Nilitaka kucheka. Nikaona zimeshika miaka mingapi.

Mengine nimebadili kwa kichwa changu.
Limepanda juu kwa majani mawili ya springi
ya lori lililofia Kibaigwa.
Rejeta ni ya Isuzu; ilikataa kuingia,
nikaikatia fremu, nikachomelea upya
mshono mbaya, kama wa mgonjwa wa usiku,
ila haufumuki.
Mkonga wa kuvutia hewa ni bomba la choo, inchi tatu,
na Nyemo, mjukuu wangu, amelichora jicho.
Wanasema ni hapa tembo alizama topeni
mji ukapata jina.
Huyu wangu, Nyemo kasema, ni yule aliyetoka.

Januari korongo likashuka na maji ya kahawia.
Nikapunguza upepo hadi matairi yakalegea mashavu,
gia ya nguvu, namba moja, mguu mbali na klachi.
Nyemo kashika kamba ukingoni,
kana kwamba angenivuta yeye.
Maji yakapanda kidato cha mlango,
yakaingia, yakanisalimia miguu,
mchanga ukateleza chini kama mahindi ghalani,
nami nikawa naongea, sijui nilikuwa naongea na nani.
Tukavuka.

Ng'ambo likazima.
Waliokuwa wakingoja maji yapungue
wakapiga makofi kwanza, kisha wakacheka.
Boneti juu, moshi wa maji,
nikafuata umeme kwa kidole, pole pole, kutoka betri.
Waya wangu mpya, wa dukani, ndio uliochomoka.
Wake, niliousahau nyuma ya koili,
umelowa, umechakaa, umeshika.

Sikusema kitu. Nikaufunga wangu upya,
moja, mbili,
nikahesabu mpaka mwisho wa hesabu yake,
na ncha nikaikunja ndani.

Linavuja bado. Masima anasema sili ya nyuma,
nitaifungua kiangazi.
Kila asubuhi kabla ya chai nachungulia uvunguni
kopo la Kimbo limepata nini.
Likiwa na tone, nanyanyuka nimeridhika:
oili ingalimo.
Nitaogopa siku nitakayokuta kukavu.