Fomu ya Ajali, Nakala Tatu

Aliyeumia: Sikudhani Ngwada, mwalimu wa hisabati.
Mahali: darasa la nyuma, mahabusu ya watoto,
ukuta mmoja na gereji ya Kurasini
ambako nyundo hugonga bati mchana kutwa,
hata ukipiga yowe, unamsaidia fundi kuhesabu.

Chanzo cha ajali. Wameniachia mistari miwili.
Niandike stuli? Niandike Mwinjuma,
miaka kumi na mitano, aliyeambiwa asubuhi ile
kesi yake imeahirishwa mara ya saba,
kisha akaletwa kwangu ajifunze sehemu?
Hakuna aliyeninong'oneza.
Askari wa zamu alikuwa mmoja,
na huyo mmoja alikwenda getini kupokea unga.

Au niandike kengele?
Niliibonyeza. Kidude chekundu ukutani,
kilipakwa rangi upya walipokuja wageni;
waya wake umekomea nyuma ya kabati,
haukuungwa na chochote.
Barua ya kwanza niliandika Machi.
Ya pili Juni, kwa adabu zaidi.
Nilijibiwa: Mwalimu, hii kazi ni wito.
Kana kwamba aliyeitwa hana mfupa.

Mlango unafungukia ndani. Hilo nalo liandikwe.
Watoto kumi na tisa walioukimbilia
waliufunga kwa miili yao wenyewe,
na mdogo wao, Kibwana, alibanwa kwenye bawaba
akilia jina langu, si la mama yake.

Mkuu alikuja wodini na machungwa matano.
Akauliza, kwa nia njema kabisa,
"Ulimwambia nini hata akakasirika?"
Nilimenya chungwa kwa meno.

Maelezo ya ziada. Hapa naandika kwa herufi kubwa,
maana najua fomu hii itapitia mkono wenye fimbo:
KIJANA ASIPIGWE.
Stuli aliirusha yeye, sikatai.
Lakini waya hakuukata yeye,
wala hakuipanga zamu ya mtu mmoja,
wala si yeye aliyezitia barua zangu
kwenye faili lenye kamba ya katani
na kuifunga fundo mbili.

Jumatatu nilirudi na hogo mkononi.
Mwinjuma alikuwa dirishani, nyuma ya nondo,
hanitazami, anatazama hogo.
"Mwalimu, unauma?"
"Unauma."
Akakaa kimya. Nyundo tatu, nne.
"Na mlango, wameshageuza?"

Sahihi ya mwajiri:
Tarehe: