Nusu Kikombe

Anwani niliandikiwa nyuma ya risiti ya dawa za minyoo,
muuguzi akinong'ona utadhani ananiuzia magendo.
Ngara, alisema. Ghorofa ya pili.
Ghorofa ya pili nikakuta wanauza mawigi.
"Wale wa pombe?" akauliza binti wa duka, bila kuinua macho.
"Walihama tangu Pasaka."
Nikamjibu kwa ukali: mimi nimefuata wigi.
Nikanunua wigi. Ninalo hadi leo.

Pangani wakaniambia Jumanne. Ilikuwa Jumatano.
Toka Pangani hadi kwangu kuna baa kumi na moja,
na sikuzipita zote.

Mara ya tatu ni Makadara, nyuma ya kanisa la mabati ya samawati.
Bawabu akaniuliza, "Unamtafuta nani?"
Fundi wa mabomba, nikasema.
Akanitazama usoni. Akatazama mikono.
"Mafundi wako chumba cha chekechea. Pita hapo kwenye bembea."

Watu wazima kumi na wawili
wamekalia viti vya watoto wa miaka minne,
magoti yamewafika kidevuni:
karani wa mahakama, kinyozi,
mama wa kanisa na kitambaa chake cheupe,
jamaa aliyekaza tai kana kwamba ndiyo inayomshikilia kichwa.
Ukutani, herufi na picha zake.
B, bata.
CH, chupa.
Hakuna aliyeibandua. Watoto wamekosa nini?

Aliyeshika birika anaitwa Shikuku.
Wengine aliwajazia chai hadi ukingoni,
mimi akanitilia nusu,
akapita.
Nikaudhika: hata hapa napunjwa?
Nilipokiinua kikombe ndipo nikaelewa.
Kilitetemeka chote, na halikumwagika tone.

"Jina tu," wakasema. "Si mama nani, si kazi gani."
Naitwa Kwamboka, nikasema,
na sentensi ya pili ikakataa kutoka.
"Karibu, Kwamboka," wakaitikia kwa pamoja,
darasa zima.

Karani akasimulia alivyoficha robo yake
ndani ya tangi la choo, maji yakakatwa siku tatu,
mkewe akafunua kuangalia kuna nini.
Tulicheka. Mimi nilicheka hadi nikalia,
kwani langu nililificha kwenye mkono wa sweta ya sare
niliyomshonea mtoto wa watu,
naye akangoja sweta hiyo muhula mzima.

Kati ya kulea na kulewa ipo herufi moja.
Niliitafuta ukutani. W, wembe.
Nyaboke wangu ana miaka tisa,
na akija kunibusu shavuni
huvuta pumzi kwanza.

Wiki ya nne Shikuku alianza kunijazia.
Wiki ya sita nilianguka, na sitaipamba:
nilianguka Ijumaa nikaamka Jumapili,
kiatu kimoja, na lile wigi.
Alhamisi nikarudi. Nilikuwa nimejipangia uongo mzuri,
una msiba ndani yake, una safari ya Kisii.
Hakuna aliyeuliza.
Shikuku akanitilia nusu,
akapita.

Sasa Alhamisi hii iliyopita hakuja.
Simu yake inaita tu.
Bawabu alichemsha chai akaiacha mezani,
na sote tukaitazama birika
kama mgeni ambaye hakuna anayemjua jina.
Mlangoni pakasimama mwanamume, kofia mkononi,
anasema amekuja kumwona fundi wa stima.

Nikanyanyuka. Mkono ulinitikisika kidogo,
sijui ni wa nini safari hii.
Nikamtilia nusu.
Akakitazama kikombe, akakunja uso.

"Keti," nikamwambia. "Viti ni vidogo,
lakini bado hakijavunjika hata kimoja."